Gumba Kwanza: Somo la Kudonoa Gitaa kwa Vidole Viwili

Najua wengi wenu mkilifungua jarida la chama huenda moja kwa moja kwenye vitendawili na mafumbo, kisha mashairi, na makala marefu hupata bahati yake mwisho kabisa, siku hakuna mpira. Leo naomba mnivumilie. Mada yangu si ngeli wala si methali. Nataka kufundisha kazi moja ya mkono: kudonoa gitaa kwa dole gumba na kidole cha shahada.

Mtauliza, gitaa na Chama cha Kiswahili wapi na wapi? Jibu ninalo, nitalitoa mbele kidogo. Kwanza niseme kwa nini naandika. Gitaa la chama ni moja tu, lile la kabatini. Mwalimu aliyelileta na kutufunza alihamishwa muhula wa pili akaenda bara, na kwa hisani yake gitaa akatuachia. Tuliobaki tukijua kulipiga ni wawili. Mwenzangu yuko kidato cha nne, na jarida hili likitoka atakuwa keshamaliza mtihani. Mwakani ni zamu yangu. Hesabu hiyo haihitaji kikokotoo: tusipopata wengine, mwisho wa mwaka ujao gitaa litakuwa chakula cha mchwa, na wale wanaoghani mashairi kwenye tamasha la muziki la shule watarudi kughani bila chombo. Hapa Mbwajumali hakuna darasa la gitaa, wala Faza, wala Tundwa. Kweli siku hizi simu inaonyesha kila kitu, lakini video nyingi zinakwenda mbio, zinasemwa kwa lugha za watu, na bando linakwisha kabla mtu hajakunja kidole. Karatasi haiishi bando. Ndo maana nikaomba kurasa hizi.

Neno kudonoa nimelichagua makusudi. Wengine husema kupiga, na si kosa, lakini kupiga ni neno la kila mtu: ngoma hupigwa, simu hupigwa, pasi hupigwa, na hata mtoto mtundu hupigwa. Kucharaza namwachia yule anayepitisha mkono juu ya nyuzi zote kwa pamoja. Kudonoa ni kazi ya kuku. Mdomo unashuka, unachukua punje moja, unapanda. Kidole nacho ni vivyo hivyo, uzi mmoja kwa wakati mmoja, na kila punje inasikika peke yake.

Sasa lile jibu. Mkono huu ninaoufundisha si wa kuazima kutoka mbali, na nyimbo nyingi zilizoutangaza ziliimbwa kwa Kiswahili. Mwaka wa 1952, katika mji wa Jadotville kule Katanga (siku hizi waitwa Likasi, nchini Kongo), mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kijana mmoja mwenye gitaa, Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka wa 1930. Kati ya nyimbo alizozirekodi uko wimbo uitwao Masanga. Kijana yule alikuwa akiimba kwa Kiswahili cha Katanga, na nyuzi akizidonoa kwa vidole viwili tu, gumba na shahada. Anayeusikia Masanga kwa mara ya kwanza huuliza ni magitaa mangapi. Ni moja. Wataalamu wa muziki nao walisumbuka: mwaka wa 1961 David Rycroft alianza kuchapisha katika jarida la African Music uchambuzi wa namna mikono ya Bosco inavyokwenda, akiandika sauti moja baada ya nyingine. Mwingine, John Low, alifunga safari hadi Katanga kujifunza kutoka kwa wapigaji wenyewe, na mwaka wa 1982 kikachapishwa kitabu chake cha safari hiyo, Shaba Diary. Bosco mwenyewe alialikwa Marekani mwaka wa 1969 kwenye tamasha la Newport. Alifariki mwaka wa 1990 kwa ajali ya barabarani nchini Zambia.

Kenya nayo haikukaa nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco alikuja Nairobi kutangaza dawa ya Aspro, na vijana wa huku walikwisha kumsikia kwenye santuri. Kule magharibi, sehemu za Kisa, George Mukabi alikuwa na mtindo wake ulioitwa omutibo: gumba linatembea chini, shahada inaimba juu, na pembeni mtu anakwaruza chupa ya soda yenye mistari. Mukabi aliuawa mwaka wa 1963 akiwa bado kijana, lakini mtindo wake haukuzikwa naye. Gitaa lenyewe lisilo na umeme waliliita gitaa kavu, na pengine galatoni, kwa sababu ya jina la Gallotone, la kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini iliyouza santuri na magitaa ya bei nafuu. Kwa wapenzi wa muziki wa Uingereza nitaongeza hili: gitaa la kwanza la John Lennon wa Beatles lilikuwa galatoni hilo hilo, lililotengenezwa Afrika Kusini. Kwa hivyo anayelidharau gitaa la chama kwa kuwa ni la bei rahisi, ajue alianza na wakubwa.

Na sisi watu wa Lamu, je? Kwetu kuna vyombo vya nyuzi vya kale zaidi kuliko gitaa: gambusi, ambalo pwani liliitwa pia kibangala, na udi. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, aliufanya udi ujulikane mbali sana. Lakini mkono wa udi ni mwingine. Shingo ya udi haina vyuma, na mpigaji hushika kipande chembamba mkononi, akakipeleka chini na juu. Mkono wote unakuwa sauti moja inayotembea. Kwenye gitaa la kudonoa mkono unagawanyika kuwa watu wawili. Mfano wake mnao kwenye harusi: ngoma hazitoki pahali pake, na zumari linachezacheza juu yake litakavyo. Gumba ni ngoma. Shahada ni zumari. Anayeelewa hilo amekwisha kujifunza nusu ya somo, na nusu iliyobaki ni jasho.

Tukubaliane majina kwanza, maana bila majina tutagombana. Gitaa letu lina nyuzi sita. Ukilipakata, uzi mwembamba kabisa uko chini, upande wa magoti yako. Huo ni wa kwanza. Mnene kabisa uko juu, upande wa kidevu. Huo ni wa sita. Wengi huhesabu kutoka juu kwa kuwa ndiko macho yanakotazama, halafu kila wanachosoma kinakuja kinyume. Shingoni mna vijichuma vilivyolala kama vipandio vya ngazi. Nafasi iliyo kati ya kijichuma na kijichuma mwalimu wetu akiiita chumba, nami nitaiita hivyo hivyo. Chumba cha kwanza ni kile cha mwisho kabisa, karibu na vigingi vya kukazia nyuzi. Ukibonyeza uzi, kidole kikae ndani ya chumba karibu na kile kijichuma cha upande wa tumbo la gitaa, kisikae katikati. Hapo utatumia nguvu kidogo na sauti itatoka safi. Ukisikia uzi unalia kama nzi ndani ya chupa, jua kidole kiko mbali.

Kisha gitaa lilinganishwe sauti. Kutoka uzi wa sita hadi wa kwanza, sauti ni E, A, D, G, B, E. Ziko programu za simu za kupimia, na mwenye simu atumie, lakini sikio nalo linatosha. Ubonyeze uzi wa sita chumba cha tano: sauti utakayoipata ndiyo inayotakiwa kwenye uzi wa tano ukiwa wazi. Uzi wa tano chumba cha tano unakupa wa nne. Wa nne chumba cha tano unakupa wa tatu. Hapo pana mtego: kupata uzi wa pili, ubonyeze wa tatu chumba cha nne, si cha tano. Kisha wa pili chumba cha tano unakupa wa kwanza, kazi imekwisha. Fanya hivyo kila siku kabla ya kuanza, hata kama jana lilikuwa sawa. Joto letu na unyevu wa bahari havimwachi uzi akatulia.

Mkono wa kushoto kwa leo tuupe kazi moja tu, mshiko wa C. Shahada iko uzi wa pili, chumba cha kwanza. Kidole cha kati kiko uzi wa nne, chumba cha pili. Kidole cha pete kiko uzi wa tano, chumba cha tatu. Uzi wa tatu na wa kwanza uache wazi, wa sita usiuguse kabisa. Vidole vitauma, na juma la kwanza utadhani umeshika kaa wa moto. Ngozi ya ncha za vidole hukomaa yenyewe ndani ya majuma mawili matatu ukishika kidogo kidogo kila siku. Walio na vidole vya kuvuta mishipi na nyavu wana bahati, ngozi yao imekwisha kukomaa kabla hawajaligusa gitaa.

Sasa tuje mkono wa kulia, ndiko kwenye mambo. Mkono usiuinue ukaning'inia hewani. Kigasha kipumzike juu ya tumbo la gitaa, na vile vidole vitatu visivyo na kazi (cha kati, cha pete na cha mwisho) vijiegemeze kidogo juu ya ubao chini ya nyuzi. Gumba litangulie kuelekea shingoni, kama omo ya mashua, na shahada ikae nyuma yake. Ukiviweka kinyume, kila gumba likishuka litagongana na shahada inayopanda. Gumba hushuka kwenda chini. Shahada hupanda kuja juu. Basi, hakuna jingine.

Anza na gumba peke yake. Shahada iambie ilale. Gumba lidonoe uzi wa tano, kisha wa nne, kisha wa tano, kisha wa nne, bila kuharakisha na bila kusimama. Uzi wa tano tuuite du, wa nne tuuite da. Ukisema kwa mdomo ni hivi:

du – da – du – da

Mwendo wake uwe wa sekunde moja kwa kila pigo, yaani mapigo 60 kwa dakika. Saa ya ukutani ile inayolia tik tik inatosha kukuongoza. Utaona ni polepole mno, na hapo ndipo wengi wanapochoka na kutaka kuruka hatua. Nawasihi msiruke. Aliyewahi kusukuma mashua kwa pondo kwenye mkondo wa mikoko maji yakiwa yamekupwa anajua habari hii. Pondo haliharakishwi. Unalitia, unasukuma, unalitoa, unalitia tena, na unaweza kuzungumza na mwenzio mpaka mkafika. Ukilisukuma kwa pupa, pondo linabaki matopeni na wewe unabaki ukiwa umelikumbatia. Gumba liwe hivyo.

Na tuna mtihani wa kujua kama gumba limekwisha kuwa pondo. Likiwa linakwenda du, da, du, da, zitaje ngeli kwa sauti: A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I, I-ZI na kuendelea. Gumba likisimama kufikiri pamoja na wewe, bado. Likiendelea na wewe unataja, umefaulu. Mwenzangu wa kidato cha nne yeye hutumia mtihani mkali zaidi: anakuuliza swali la Fasihi huku unapiga, na anataka jibu kamili lenye mfano. Mimi naona huo ni ukatili, lakini nakiri unafanya kazi. Wengi tuliowafunza hatua hii iliwachukua siku nne au tano za robo saa robo saa.

Gumba likishatulia, iamshe shahada. Uzi wake kwa sasa ni mmoja tu, wa pili, na sauti yake tuiite ti. Shahada haidonoi pamoja na gumba. Inadonoa katikati, gumba likiwa limeinuka. Kwa hiyo inakuwa:

du – ti – da – ti

Sasa sikilizeni jambo la kufurahisha, ambalo silo la vitabuni, tumeligundua wenyewe chamani. Sema jina la kijiji chetu polepole: Mbwa-ju-ma-li. Silabi nne. Mbwa ni du, ju ni ti, ma ni da, li ni ti. Na kama tulivyofunzwa, mkazo wa neno la Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, yaani hapo kwenye ma, na gumba nalo liko hapo hapo kwenye da. Neno na mkono vinakwenda sambamba. Kwa hivyo mwanafunzi wa Mbwajumali hana haja ya kuhesabu moja-na-mbili-na. Anataja kwao, basi. Watani wetu wa Kizingitini watusamehe, jina lao lina silabi tano na halikuingia. Faza ni mbili, wanaweza kuitumia kwa gumba peke yake.

Kaa na Mbwajumali hiyo juma zima. Sikiliza kama ti zote zina nguvu moja na kama hazilizidi gumba. Mara nyingi shahada, kwa kuwa ndiyo kidole chepesi, hupayuka, na gumba linakuwa kama mzee aliyezidiwa sauti barazani. Gumba lisikike zaidi. Siku moja tukifanya mazoezi dirisha likiwa wazi, mzee mmoja jirani wa shule alisimama nje akasikiliza, kisha akatuuliza, “Wanangu, mko wangapi mnaopiga humo?” Tulikuwa na gitaa moja na mpigaji mmoja. Ndipo nilipojua kwamba mwenzangu amefika.

Hatua inayofuata ndiyo yenye utamu wenyewe, na ndiyo inayowashinda waliokimbilia mbele. Shahada inyamaze mara moja, gumba liendelee. Badala ya du ti da ti, iwe:

du – (kimya) – da – ti

Hapa pia tuna neno letu. Sema Bajuni huku ukiivuta silabi ya kwanza: Baa-ju-ni. Baa ni du na kimya chake, ju ni da, ni ni ti. Mkazo umekaa tena juu ya gumba. Sasa yafuatanishe maneno mawili, Mbwa-ju-ma-li, Baa-ju-ni, tena na tena:

du ti da ti, du – da ti

Masikio yako yatashtuka. Ghafla pale palipokuwa na mazoezi panakuwa na ngoma, na miguu itataka kutikisika yenyewe. Siri yote imo kwenye kile kimya. Shahada ikisita, gumba lenye tabia mbaya nalo husita, kama mtoto anayemfuata nduguye popote. Likisita, rudi kwenye ngeli. Sina dawa nyingine na sidhani kama ipo.

Kubadilisha uzi wa shahada ndiko kunakozaa wimbo, na hapo siwezi kuwaeleza kila kitu. Jaribu ti ya kwanza iwe uzi wa pili, ya pili iwe uzi wa kwanza. Jaribu uzi wa tatu. Kisha kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho muda wote huu kimekaa bure, kibonyeze uzi wa kwanza chumba cha tatu, kisha ukiondoe. Mshiko wa C haujabadilika hata kidogo, lakini tayari una sauti tano sita za kuchezea juu ya gumba lile lile. Ukisikiliza rekodi za gitaa kavu kwa makini utasikia kwamba mara nyingi mkono wa kulia hauna haraka wala maajabu. Gumba linatembea, na shahada inajua ni wakati gani wa kunyamaza.

Mishiko mingine miwili niipitie upesi. F ndogo: shahada ilale juu ya uzi wa kwanza na wa pili chumba cha kwanza, kidole cha kati uzi wa tatu chumba cha pili, cha pete uzi wa nne chumba cha tatu. Hapo gumba linahama, du ni uzi wa nne na da ni wa tatu, na shahada ya mkono wa kulia ibaki kwenye wa pili na wa kwanza. G saba: cha pete uzi wa sita chumba cha tatu, cha kati uzi wa tano chumba cha pili, shahada uzi wa kwanza chumba cha kwanza, du ni uzi wa sita, da ni wa nne. Zunguka C mara nne, F mara mbili, G saba mara mbili, urudi C. Wakati wa kuhama, kama mkono wa kushoto umechelewa, gumba lisiusubiri. Lidonoe uzi wazi, lidonoe chochote, lakini lisisimame. Msikilizaji husamehe sauti iliyokosewa kuliko mwendo uliokatika. Uliza mchezaji ngoma yeyote.

Kwenye mashairi yetu mwendo huu unafaa sana, na hapa wanachama wasome kwa makini. Kipande chenye mizani nane kinaingia kwenye Mbwajumali mbili bila kubaki kitu. Mghani aanze baada ya gumba kuzunguka mara mbili peke yake ili apate sauti ya kuingilia. Mwisho wa kila ubeti gitaa lizunguke mara moja mghani akivuta pumzi. Mpigaji asishindane na shairi, ti zipunguzwe mghani anapoghani na ziongezwe anaponyamaza. Watu wamekuja kusikiliza maneno.

Nyuzi zinatupa taabu kubwa kuliko vidole. Hapa hatuna duka la nyuzi za gitaa. Mwenye safari ya Mombasa huagizwa, na safari zenyewe si za kila juma. Hewa ya chumvi inazila nyuzi za chuma, kwa hivyo kila ukimaliza kupiga zifute moja moja kwa kitambaa kikavu, juu na chini yake. Uzi wa kwanza ndio hukatika zaidi. Wetu uliokatika muhula huu tumeweka mshipi wa nailoni wa kuvulia, wenye unene wa karibu milimita 0.7, na unalia, ingawa sauti yake ni laini kuliko wenziwe wa chuma. Mshipi huo hunyooka kwa siku mbili tatu za kwanza, usikate tamaa, ukaze tu kila ukilegea mpaka utulie. Fundo la mvuvi halitelezi, na mafundi wa mafundo shuleni hawakosekani. Lakini uzi wa nne, wa tano na wa sita hauna mshipi wa kuziba pengo lake, kwa kuwa umezungushiwa waya mwembamba kuupa uzito. Hizo ndizo nyuzi za gumba. Zikikatika zote tatu hatuna somo. Kwa hiyo usizikaze kupita sauti yake ukitafuta kelele, na gitaa usiliache juani wala karibu na dirisha la upande wa bahari.

Jambo moja la adabu. Wako wazee wasiopenda vyombo vya muziki karibu nao, na rai yao tunaiheshimu. Chama kimekubaliana hatupigi wakati wa adhana na swala, hatupigi mwezi wa Ramadhani, na kukiwa na msiba kijijini kabati halifunguliwi. Anayetaka kujiunga akubali hayo kwanza.

Ufunguo wa kabati uko kwa mwalimu mlezi wa chama. Mimi nipo darasa la kidato cha tatu kila Jumanne na Alhamisi baada ya Alasiri, mpaka maghribi ikikaribia. Nafasi zipo za watu wanne, na ningependa angalau wawili wawe wa madarasa ya chini, ambao bado wana muda shuleni. Wasichana pia waje, gumba halina jinsia. Njooni mkiwa mmekata kucha za mkono wa kushoto. Ya shahada ya mkono wa kulia iacheni irefuke kidogo.